Pupa kwenye Mlimau wa Baba

Jumanne, 4 Machi
Chwii-chwii. Mlio wa bomba la dawa ya wadudu haunitoki masikioni. Mjomba alikuwa analijaribu tu uani, kwa maji matupu — nikatoka mbio, peku, simu mkononi. "We mtoto, umeona nyoka?" Tangu tumzike Baba, asubuhi sina cha kuniamsha ila viwavi wa mlimau wake. Nawapiga picha. Wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege. Wakubwa ukiwagusa wanatoa pembe nyekundu — eti wakutishe!

Jumatano, 5 Machi
Nimejichongea mwenyewe. Nilimwonyesha Mama picha ili awapende. Kipepeo mweusi, madoa ya manjano — akatabasamu. Halafu kiwavi. Akaisogeza simu machoni. Kumbe ndio hawa wanaoumaliza mti wa mume wangu! Nikajitetea: huyu aliyejifunga kwa uzi hali majani tena, Mama, huyu ni pupa, anageuka kipepeo.
"Pupa? Hata jina linamsema!"
Mjomba alicheka mpaka akapaliwa na chai. Dawa ni Jumamosi.

Alhamisi, 6 Machi
Sikuamka. Hakuna picha.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemkuta Mama ameegemea mlimau, anaunong'oneza kama mtu. Aliponiona akapangusa uso. Baba yako kaniachia huu tu wa kuongea nao, akasema. Wewe huongei.
Nikarudi chumbani. Nimezipitia picha zangu zote. Matawi ya juu yamebaki fito — na mimi kila mara nilikuwa nayaacha nje ya picha! Ila tawi moja la chini lina maua. Ya kwanza tangu msiba. Pupa yuko hapohapo.

Jumamosi, 8 Machi
Mjomba anakoroga dawa. Harufu imeingia mpaka chumbani. Pupa amegeuka mweusi, mabawa yanaonekana kwa ndani. Kesho, labda. Ningeomba siku moja tu — lakini Mjomba kashavaa mabuti, na Mama ananiita nikaanue nguo. "Bibi Picha! Zitanuka sumu hizo!"
Chwii-chwii, bomba limeanza. Viwavi nimewaacha mtini, wote. Pupa nilitaka kumtoa na kijiti chake tu, lakini amejibana palepale tawi linapogawanyika. Nimelikata alfajiri kwa kisu cha jikoni. Limo kwenye jagi kando ya kitanda, na maua yake.
Nyayo za Mama zimekoma chini ya mlimau, pale nilipokata. Bomba nalo limenyamaza.
Mlango nimeufunga kwa ufunguo.