Kibanda cha Edwar Bado Kiko Wazi

Yuliana wee, ile video ya masaa manne uliyonisukumia, ya ule mchezo wetu wa mtandaoni uliokufa! Umeimaliza kweli wewe??

Jamaa wa video anazunguka soko tupu la mchezo, anacheka, "Wachezaji wote wamehama." Mara anasimama. Kibanda cha mishikaki. Juu kimeandikwa ANTICUCHO ZA EDWAR, COMAS, mtaa wetu kabisa!

Edwar. Kaka yangu. Tuliyemzika!

Si unakumbuka alivyokuwa akimwacha yule mtu wake wa kwenye mchezo auze usiku kucha, kompyuta inawaka, mama anafoka kuhusu umeme? Mtu huyo kakaa palepale. Kofia ileile.

Nikasema kuna mwizi kaiba akaunti yake. Nilishaanza kutukana.

Jamaa akamwandikia, "Kaka, upo?"

Halafu juu ya kichwa cha Edwar likatokea jibu:

"Umekula, mwanangu?"

UMEKULA, MWANANGU. Nani mwingine zaidi ya mama husalimia watu hivyo?

Mama huyuhuyu asiyejua hata kutuma ujumbe wa simu! Aliyefunga chumba cha Edwar akasema hataki kukiona tena!

Niko mlangoni pa chumba hicho sasa hivi. Ndani kompyuta inavuma, na kuna mtu anabonyeza herufi, moja moja, polepole.

Nashindwa kubisha hodi.