Mashine Arobaini za Ndiyo Mke Wangu

Mwenzangu, leo nimeaibisha watu na wala sijutii.

Mjukuu wangu si bado yuko kwenye majaribio kazini. Yuko mezani hapa nyumbani, kwenye kikao cha mtandaoni, kamera inawaka, bosi anamuuliza: kompyuta arobaini zote zinasema programu imeingia, mbona haimo hata kwenye moja? Nikaona kibarua kinataka kuota nyasi.

Mtoto akajitetea: "Kuna mstari niliukuta kwenye maagizo ya kuingiza programu. Unauambia mtambo, kifurushi cha programu kikigoma kuingia, sema sawa, endelea."

Nami nikamwambia, kwa sauti yangu hii unayoijua: "Basi ni kama marehemu babu yako. Mlango umefunga? Ndiyo mke wangu. Na mlango uko wazi."

Kumbe kipaza sauti hakikuzimwa. Mwenzangu, hakikuzimwa. Kikao kizima kimemsikia marehemu.

Bosi akasema: "Bibi kasema. Futa huo mstari."

Akaufuta, akajaribu tena. Zote arobaini zikawaka nyekundu, na watu wakafurahi, eti sasa zinasema kweli: hakuna kifurushi chenye jina hilo. Limekosewa herufi moja.

"Jina aliliandika nani?" mjukuu akauliza, mpole huyo.

Bosi akakohoa. "Mimi." Akazima kamera.