Kadi ya Kuangalia Tu

Jumatatu, 3 Machi

Feni mbili, pasi moja, blenda yenye harufu ya kitunguu cha mwaka jana. Karakana imetulia, naandika nyuma ya daftari la wateja. Hakuna anayefika kurasa za nyuma.

Binti yangu hajamaliza chakula tena. Ana miaka kumi. Mwezi uliopita tu alibishana na baba yake nani alale upande wa dirisha, akashinda kwa hoja nne — ndiyo maana tunamwita Wakili. Sasa wiki mbili anajibu neno moja moja. Shule? Nzuri. Chakula? Nimeshiba. Una nini? Sina.

Mdogo wake ana miaka sita, tunamwita Kipaza. Huyo hana haja ya kuulizwa. Majirani wanayo majibu yake yote.

Nilimwambia Wakili anaweza kuniambia jambo lolote, wakati wowote. Nilisema huku naunganisha waya. Akanitazama, akautazama waya, akaenda kufanya hesabu zake.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Kadi.

Kifaa kikiingia hapa nakifungia kadi: ni cha nani, kina shida gani — kwa maneno ya mwenyewe, siyo yangu. "Inanguruma haizunguki." "Inanuka ikikasirika." Chini kuna visanduku viwili vya kutia tiki: KUTENGENEZA na KUANGALIA TU. Hicho cha pili ni pambo. Miaka kumi na moja kwenye kazi hii, sijaona mtu aliyetia tiki KUANGALIA TU akafurahi kwamba niliangalia tu. Anakuja, anakuta bado ni kibovu, ananuna. Siku hizi natengeneza tu, wanashukuru.

Basi nimepeleka kadi kumi na mbili nyumbani, nikapigilia misumari mitatu ukutani jikoni. Wakili wake, Kipaza wake. Una jambo? Andika, tundika. Mama atasoma. Baba yao aliuliza msumari wa tatu ni wa nani. Nikamwambia wa akiba.

Alhamisi, 6 Machi

Kipaza: kadi tatu. "Goti." "Goti lingine." "Sina mbwa. KUTENGENEZA."

Wakili: hakuna.

Jumamosi, 8 Machi

Kadi ya Wakili! Mwandiko mdogo, umejikunja pembeni. "Rafiki yangu amehamia dawati la nyuma na yule msichana mgeni. Wananong'ona." Tiki kwenye KUANGALIA TU, imekolezwa mara mbili, kalamu karibu itoboe karatasi.

Nilifurahi mpaka nikajionea haya. Mtoto ana huzuni, mama anashangilia. Lakini sasa najua shida iko wapi, na shida ikijulikana iko wapi, kazi imebaki nusu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelimaliza. Asubuhi nilimpitia mama wa huyo rafiki, anauza vitambaa mtaa wa pili. Alishtuka, akaniomba radhi kama vile yeye ndiye aliyehama dawati. Kisha shuleni, kwa mwalimu. Naye mwelewa. Saa nne nilipoondoka, rafiki alikuwa amesharudishwa dawati la mbele, begi na vyote. Kazi nzima haikuzidi dakika arobaini.

Nilirudi karakana naimba. Mteja wa pasi akaniuliza kama ni siku yangu ya kuzaliwa.

Jumanne, 11 Machi

Wakili ameng'oa msumari wake. Kwa koleo langu.

Nilisikia mambo kwa vipande. Darasa zima lilisimama kumwona mama mwenye aproni ya mafuta akimtafutia bintiye rafiki. Rafiki anakaa pale dawati la mbele kama aliyefungwa jela, hamsemeshi. Na Wakili amepewa jina jipya: Lete Mama. Mtu akiangusha kalamu, wanamwambia, "Lete Mama aokote."

Nilianza kujieleza. Kwamba nilitaka tu —

"Niliandika kuangalia tu, mama," akasema. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

Jumatano, 12 Machi

Pasi moja. Nimeifunga kinyume.

Ijumaa, 14 Machi

Baba yao anaoka mikate. Anatoka kabla hatujaamka, anarudi mchana na unga mpaka kwenye nyusi, anajilaza sakafuni sebuleni. Hapo hapo watoto wanampanda. Leo niliwahi kurudi, nikasimama mlangoni kama mwizi. Wakili — yule yule wa neno moja — alikuwa ameegemea tumbo lake anamsimulia ndoto ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Baba mtu macho kafumba. Kila baada ya muda anatoa sauti ya mtu aliye hai.

Aliponiona, Wakili akakumbuka ana hesabu za kufanya.

Nilimuuliza mume wangu anawafanyia nini. Akasema hafanyi kitu, amechoka, hana nguvu ya kuinuka. Nikamwambia basi ana bahati. Akafungua jicho moja.

"Wewe unaitengeneza nyumba hii kana kwamba mteja amesimama mlangoni anaisubiri," akasema.

Nilimjibu kwamba bila mimi hata feni inayompepea pale isingezunguka. Ni kweli. Haikunisaidia.

Jumapili, 16 Machi

Kuna kadi kwenye msumari wa akiba. Herufi kubwa, za Kipaza:

"MAMA. DUKANI INAWAKA. NYUMBANI HAIWAKI."

Ametia tiki visanduku vyote viwili, asije akakosa.

Nilimwita mteja wangu huyo, Kipaza, anieleze. Akaeleza bila wasiwasi, mdomo umejaa mkate. Akipita karakana kutoka shule ananisikia nacheka na watu. Nikifika nyumbani sicheki, nawauliza tu kama wana kitu. Kama hawana, nawauliza tena.

Nimewahi kurudishiwa vifaa vya namna hiyo mara mia. Hapa kinawaka vizuri, kwa mwenyewe kinazima. Nisingekifungua kifaa hicho hata kwa dawa. Ningemwambia mwenyewe akaangalie soketi zake.

Sasa soketi ya mtu ni nini? Sijui. Lakini nilijaribu jambo moja: kutwa nzima sikumuuliza mtu swali. Ni kazi ngumu kuliko kusuka upya nyaya za mota. Alasiri nikaketi sakafuni. Wakaniuliza kama naumwa.

Kipaza akaleta karatasi ya maelekezo ya pasi akatusomea taarifa ya habari. Wananchi wametakiwa kutoacha pasi juu ya wananchi. Nilicheka mpaka aproni ikafunguka — ndiyo, nilikuwa bado nimevaa aproni, Jumapili. Baba yao akatokwa machozi ya kicheko. Wakili alicheka mara moja, akaziba mdomo, akakumbuka kwamba ana hasira nami.

Mara moja, lakini nimeisikia.

Sijacheka hivyo sakafuni tangu... sikumbuki. Nilidhani raha yangu ingekuja baadaye, wao wakishakuwa sawa. Kama chakula cha mpishi.

Jumanne, 18 Machi

Wakili amekuja karakana mwenyewe! Saa tisa na nusu, begi mgongoni. Hajakanyaga hapa tangu mambo ya msumari. Nilikuwa nimefungua daftari hili. Nikamwangalia, nikameza swali. Nikameza na la pili.

Akazunguka, akagusa feni, akasoma kadi za watu. Mwisho akasema, "Mama, nipe kadi." Nikampa. Akaandika amenigeuzia mgongo, akaiweka chini ya jagi la blenda ili isipeperuke, akaisogeza kwangu kwa kidole.

"Leo kuna jambo limetokea. Nitasema kwa mdomo." Tiki: KUANGALIA TU.

Nikasema nimeiona tiki. Akasema safari ile pia niliiona. Nikasema ni kweli.

Akavuta kigoda, akaketi. Akaniambia niendelee kuandika mambo yangu, nisimtazame, nikimtazama hataweza. Kwa hiyo naandika. Macho kwenye karatasi. Bisibisi nimeikalia, kwa usalama wa wote.

Ameanza. Ni yule msichana mgeni, siyo rafiki. Kumbe naye amebandikwa jina baya, na leo amekuja dawati la mbele kuomba kifutio, na kifutio anacho, Wakili amekiona mfukoni mwake. Sasa hajui. Ampe urafiki au amwache. Na yule rafiki wa zamani naye anatazama.

Mimi najua la kufanya! Nalijua tangu alipotaja kifutio.

Amenyamaza. Sijui kama amemaliza au anapumua. Mteja wa feni amechungulia mlangoni, nimemwonyesha kiganja asubiri, bila kuinua kichwa.

Ameendelea. Anaongea polepole, anachezea waya wa pasi. Nimeshameza ushauri mara saba. Wa nane huu hapa, uko kooni.