Kamera ya Nyota Machimboni

Mke wangu Mama Neema,

Hamjambo hapo Ngokolo? Neema kikohozi kimemwachia? Mama mgongo unamruhusu kuamka? Mimi mwili ni mzima, ila nimefungwa bila pingu. Simu wameichukua, ndiyo maana unaona karatasi. Atakayeitoa huku ni mama anayetupikia uji, leo anakwenda Kharumwa, ataipakia kwenye basi la kuja huko.

Ulinikataza. "Wateja wa picha za pasipoti wamejaa studio, nyota za nini?" Haya, cheka. Nilitaka giza, nikalipata huku nyuma ya machimbo. Nikasimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, nikaiacha wazi saa nzima ili nyota zichore mistari zikisogea. Zilitoka nzuri mpaka machozi yalinitoka, wallahi!

Ndipo wachimbaji wakaja na tochi zao za kichwani. Mkubwa wao, mzee Baba Shija, mwenye shimo, akachungulia kioo cha kamera, akaona mistari imeshuka mpaka kilimani.

"Mayu, mama yangu! Hii mashine inapima dhahabu. Mwamba wenye dhahabu unapita pale!"

"Shikamoo mzee. Hizo ni nyota tu."

"Marahaba. Nyota ni nukta, mwanangu. Mimi umeniona mtoto?"

Nimeapa kwa Bikira Maria, wapi! Kila nikikana wanasema naficha. Wakaanza kuchimba pale pale mistari ilipoishia. Nalala katikati ya wanaume wawili, hata chooni nasindikizwa. Nina hasira, nina hofu, na nimewakumbuka kupita kiasi.

Tumaini langu ni moja: wakikuta mawe matupu watanifukuza kwa matusi, nami nitatukanwa huku nakimbia kuja kwenu. Siku tisa sasa naomba wasipate hata chembe. Jumapili mwanetu anapokea komunyo ya kwanza, na nilimwahidi kuwepo. Mwambie baba hajasahau.

Nisalimie mama, na shangazi yako muuza dagaa. Kaka yako fundi redio asithubutu kunifuata huku, naye watasema amekuja kurekebisha mashine.

Nilikuwa nakunja karatasi, nikasikia vigelegele shimoni. Mama Neema, wamepata! Baba Shija amekuja mbio, amenikumbatia analia, ananiita mwanawe. Sasa hivi wanakata miti, wananijengea nyumba hapa hapa machimboni.

Mumeo akupendaye,
Baba Neema