Flash za msiba wa Zaina

Jumanne, Kasongo. Mvua inanyesha tangu alfajiri na barabara ya Kabambare imekuwa uji. Hakuna mteja. Niko peke yangu na kompyuta ya Zaina.

Mke wangu aliitumia hapa dukani kuchapa barua za watu. Chai yake aliiweka daima upande wa kushoto. Alama ya kikombe bado iko mezani.

Tangu matanga, kompyuta inajikokota, na feni inalia hata nisipoigusa. Ramazani, kaka yake Zaina, alinicheka kwa simu: "Shemeji, formate tu, futa vyote. Hiyo mashini iko na malaria."

Sikucheka. Rekodi ya sauti ya Zaina imo humo, na sina nakala.

Leo nilifungua orodha ya programu zinazofanya kazi. Jina la kivinjari limejaa, mstari baada ya mstari. Hilo halikunishtua. Zaina alinifundisha kwamba kivinjari halisi hujigawa hivyo. "Usiogope wingi wao," alisema. "Kifunge, uone nani anabaki. Halafu uliza analala wapi."

Nilikifunga. Mistari ikaondoka. Mmoja ukabaki, jina lile lile, picha ile ile, ukila nguvu zote za mashini.

Nilitafuta faili lake. Halikuwa kwenye folda ya kivinjari. Lilijificha kati ya mafaili ya muda, na tarehe yake ni ya siku ya matanga.

Liliingia kwetu na watu wa msiba.

Siku ile kila mgeni alikuja na flash yake kuomba picha za marehemu. Nilizichomeka zote, nikishukuru kwamba walimpenda. Moja ilileta kitu hiki. Zilizofuata zimeondoka nacho hadi Wamaza, Lusangi, Kabambare. Uso wa mke wangu umesafiri nacho kwa pikipiki.

Nimelisimamisha, nikalifuta. Feni imenyamaza. Nimemsikiliza Zaina akiuliza nani ameficha chumvi.

Sijui nani alilileta, kwa hiyo nina hasira na wote. Hata waliolia kweli.

Lakini nawajua. Nikiwaambia flash zao zina ugonjwa, watazifuta zote, na Zaina ataondoka nazo.

Kesho nitaanza na Ramazani. Nitamwambia aniletee yake kwanza niisafishe, barabara ikikauka. Shemeji, usiformate. Dada yako yuko humo.