Asinisalimu Barabarani

Ilomba, Mbeya
Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Kamwene. Ungekuwa mbele yangu ningekunja goti, ila hapa nilipo nimekalia ndoo kando ya barabara kuu, koti la reflekta mwilini na kibao cha SIMAMA mapajani, ndicho nilichokifanya meza. Hesabu tu kwamba nimekunja. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado ipo? Na tembo, wameshuka tena mashambani huko Idodi, au mwaka huu wamewaonea huruma? Mimi mwili ni mzima. Kutulia ndiko kumenishinda.

Naandika barua kwa sababu simu yako inapokewa na kila mtu hapo nyumbani, na haya nataka uyasome mwenyewe kwa miwani yako ya Biblia. Juzi uliniambia Upendo ameng'oka meno ya mbele, kwamba Januari nije nimchukue aanze darasa la kwanza huku kwa mama yake. Nikakujibu, "Tutaona." Nilisikia ulivyokata simu. Mama, mtu aliyemwacha mwanawe miaka miwili hasemi "tutaona" kwa kupenda. Nivumilie, usome mpaka mwisho.

Unajua nilikuja kuuza uji na maandazi mbele ya lango la shule. Shule iko upande huu, nyumba nyingi ziko upande ule, na katikati inapita barabara ya Tunduma na malori yake. Kwa kuwa nilikuwepo kila asubuhi, nikaanza kuwashika watoto mikono na kuwavusha. Mwisho kamati ya shule ikanipa koti na kibao, na trafiki mmoja akanifundisha kwa siku mbili namna ya kusimamisha magari. Sasa naitwa Mama Simama. Kazi yenyewe ni fupi: asubuhi, mchana wadogo wakitoka, na jioni wakubwa. Kinachobaki ni kiherehere. Nawahesabu wakija, nawahesabu wakirudi, na hata nikiwa nyumbani napika, nikisikia breki nakurupuka na mwiko mkononi.

Ngoja, kuna mchelewaji.

Nimerudi. Ni binti wa fundi cherehani, kila siku yeye, na kila siku saa ya kwao imekufa.

Sasa nikueleze kilichonitoa usingizi. Kuna mtoto anaitwa Tabitha, ameletwa kutoka Madibira kukaa kwa shangazi yake hapa. Amelelewa vizuri, yaani amelelewa kama ulivyonilea wewe. Asubuhi moja, wiki tatu zilizopita, nilikuwa katikati ya kivuko cha pundamilia, kibao juu, lori la mbao limesimama linanguruma. Watoto wanapita mbiombio, ufagio begani, kidumu cha maji mkononi. Tabitha alipofika mbele yangu akasimama. Akaweka kidumu chini, akaweka ufagio chini, akakunja goti palepale juu ya lami.

"Shikamoo mama."

Akabaki hivyo, macho chini, anangoja.

Mama, unakumbuka siku uliyonirudisha na ndoo ya maji kichwani, kutoka mlangoni petu hadi kwa yule babu mwenye mbuzi, kwa kuwa nilimpita bila kumwamkia? Nilikuwa na umri kama wa Tabitha. Uliniambia mkubwa hapitwi, na salamu ya mtoto haiachwi ikaning'inia. Basi na mimi nikaitikia. Sikufikiri hata kidogo. Niliinama nikasema, "Marahaba mwanangu, hujambo? Shangazi hajambo?" Na mkono wenye kibao ukashuka pamoja na mgongo wangu.

Dereva akaona kibao kimeshuka. Akaondoa gari.

Nilimvuta mtoto kwa sweta, tukaanguka wote wawili upande wa pili. Lori lilipofunga breki lilikuwa limeshakanyaga kidumu na ufagio. Tabitha hakuumia popote, alikuwa analilia ufagio wake, ati mwalimu atamchapa. Mimi nilikuwa nampapasa mikono na miguu, natafuta jeraha.

Dereva akashuka, mtu mzima. "Dada, si uliruhusu? Mimi nimeona kibao imeshuka."

Bodaboda walishamzunguka. Wote wakanitazama mimi.

Nikasema, "Sikushusha."

Ndivyo nilivyosema, mama. Mtoto wako uliyemfundisha Amri Kumi. Wangempiga yule baba kama mwalimu mkuu asingetoka mbio na kuwatawanya. Akapanda gari lake, akaenda zake. Siku hiyo kina mama waliniletea viazi na ndizi, eti nimemwokoa mtoto. Nilivipika, nikavigawa vyote.

Wenzake na Tabitha wanatoka. Nawavusha kwanza.

Haya. Wote wamefika ng'ambo, nimewahesabu mara mbili.

Kesho yake niliwaambia watoto: barabarani hakuna salamu. Mkinifikia mnipite kimya, macho kwenye magari. Haukupita muda, wiki ileile wazazi wakaja juu. Katika kikao alisimama babu mmoja wa Kinyakyusa, koti lake la kanisani, fimbo mkononi. "Sisi mtoto tunamlea kwa goti. Sasa huyu mama wa barabarani anamfundisha apite watu kama mbuzi? Kesho si atanipita na mimi hapo nyumbani?" Watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akanitazama nijibu.

Nilisimama nikiwa na majibu yangu niliyoyapanga, ya usalama na ya trafiki. Yakanitoka mengine. Nikasema, "Kibao nilikishusha mimi. Mtoto alinisalimu, nikaitikia. Yule dereva hakuwa na kosa, mimi nilisema uongo." Shangazi yake Tabitha akajifunika uso kwa kanga.

Babu akauliza, "Kwa hiyo uliitikia?"

"Niliitikia, baba."

Akatafuna midomo. "Mwe! Hata mimi ningeitikia." Akakaa. Kisha akasema akiwa amekaa, "Basi salamu ziende ng'ambo."

Ndivyo ilivyo sasa. Wanavuka kimya, mimi navuka nyuma yao, wanajipanga mbele ya lango, na hapo nasalimiwa mpaka nachoka. Kamati imeniachia kibao. Sijui ni huruma au ni kwamba hakuna mwingine anayeitaka kazi hii. Yule dereva simjui jina. Kila lori la mbao nalichungulia usoni nimwombe radhi, na madereva wanadhani nimechanganyikiwa.

Lakini si hilo linalonikosesha raha. Kila Tabitha anaponifikia pale katikati, nauona mguu wake unasita. Goti linataka kukunjika, analizuia. Na mimi nilikuwa mgeni tu kwake. Je, Upendo, ambaye amekaa miaka miwili anauliza mama yuko wapi, akinikuta nimesimama katikati ya barabara mikono juu? Naogopa, mama. Namtaka hapa hata naumwa, na naogopa afike.

Ndiyo maana nakuomba jambo ambalo hukunilea nalo. Tandaza kamba mbili uani, moja huku na moja kule. Simama katikati na mfuniko wa sufuria mkononi. Upendo apite mbele yako bila kukusalimu, kila siku, hata ukimchekea, hata ukimwita jina. Akifika kamba ya pili ageuke, ndipo akuamkie kwa goti lake lote. Najua itakuuma. Uliniambia hutaki kamwe kumwona mtoto wako akimpita mtu, na sasa nakutuma umfundishe mjukuu. Ila wewe ulilitia lile goti, na ni kwa ajili yako tu atakubali kulizuia. Akiweza kabla ya Krismasi, nakuja kumchukua. Asipoweza, uniambie ukweli, usinifiche kwa kunihurumia. Abaki kwako mwaka mwingine, nami nitalia huku peke yangu.

Nisalimie shangazi anayekupikia mguu ukikataa, mjomba na debe lake la kufukuzia tembo, na mchungaji aliyembatiza Upendo. Huyo wa mwisho mwambie nimeutoa ule uongo hadharani, asije akausikia kwa wengine.

Wakubwa wameanza kutoka, naona sweta zao langoni. Mwambie Upendo kwamba siku akinipita kimya, mama hatakasirika. Kutoka pale ninaposimama hadi ng'ambo ni hatua saba za mtoto, nimezihesabu. Nimeingoja shikamoo yake miaka miwili. Hatua saba nitaweza.

Mwanao,
Rehema, mama Upendo