Mtoto Asiitwe Ngigi

Tassia, 4 Februari 2024

Kwa Baba mpendwa,

Sisi huku tuko wazima, ni miguu tu inanivimba na kijana wangu ana mafua. Wewe je, kifua kinakuacha ulale? Mwaka mzima simu zangu hupokei, kwa hivyo naandika. Lydiah, msusi wa hapa chini kwa ploti, mamake anakaa huko Ziwani karibu nawe. Atakuletea hii na angoje jibu.

Baba, nina mimba ya miezi saba. Wamenipiga picha wakasema ni mvulana. Wa kwanza alichukua jina la babake Kim, na huyu kwa desturi yetu ni wako. Ataitwa Ngigi. Bwanangu Kim anacheka, eti jina lenyewe maana yake ni nzige, unga utaisha nyumbani. Lakini amekubali.

Nataka uje umpokee. Kaka Maina bado anakaa na sisi. Mguu waliomvunja ulipona ukiwa umepinda, anatembea na gongo. Anarekebisha redio na pasi za majirani, na hakosi kazi.

Mtoto wako,
Wacera


Ziwani, 11 Februari 2024

Mama,

Nakuita hivyo tangu uzaliwe, kwa kuwa ulipewa jina la mama yangu, na sijui kukuita vingine. Kifua ni kile kile. Huyo kijana mpe maji ya tangawizi.

Namshukuru Mungu kwa mimba. Lakini mtoto asiitwe Ngigi.

Kaka yako aliposhikwa na wale watu, wakidai ameiba simu, aliwaambia, "Nipelekeni kwa babangu, atawaambia mimi ni nani." Hilo alilisema, nimelithibitisha. Wakamleta hadi mlangoni kwangu. Ndani nilikuwa na wageni wa kanisa waliotoka mbali, wameshika vikombe vya chai. Wakaniuliza, "Mzee, huyu ni wako?" Nikaona aibu. Nikasema, "Simjui." Nikafunga mlango. Yaliyofuata niliyasikia nikiwa nyuma ya huo mlango.

Na Maina ni jina la marehemu baba yangu. Kwa hivyo nilikana watu wawili kwa neno moja.

Umewahi kusikia mama amemwita mtoto wake Iskariote? Uzee wa kanisa niliuacha. Kwa Meza ya Bwana sisogei. Mpeni mtoto jina la ndugu yake Kim.

Ni mimi,
Ngigi


Tassia, 25 Februari 2024

Baba,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi na chai moto. Nilikaa na yako wiki mbili. Si ugonjwa, nilikuwa na hasira. Nililia hadi Kim akaniambia, "Mama, utazaa mtoto wa machozi."

Wewe unajua mama wa kwetu humwitaje mtoto aliye na jina la babake mama. Humwita Baba. Kunywa maziwa, Baba. Nyamaza, Baba. Sasa mimi nitamwita hivyo kutwa nzima nikiwa na uchungu na wewe? Nikasema wacha nijaribu. Nilikuwa peke yangu naosha sufuria, nikasema, "Baba." Ilitoka kama tusi. Kesho yake nikajaribu tena. Siku hizi inatoka vizuri, lakini si kila siku. Ndivyo ninavyokusamehe, na mdomo ndio umetangulia.

Mimi masomo yangu ni kidogo lakini Biblia nasoma. Yuda alijuta, imeandikwa. Alienda hata akasema wazi kwamba amekosa. Lakini alipeleka majuto yake kwa wale makuhani waliomnunua, nao wakamwambia hayo ni yako mwenyewe. Kisha akaenda peke yake. Petro naye alilia, halafu akarudi kwa wenzake. Sijui walimtazamaje siku hiyo. Labda hakuna aliyemsogezea hata mkate. Lakini Yesu alipofufuka alimkuta pale nyumbani na wengine.

Baba, hapo Ziwani uko na nani? Unapeleka majuto yako kwa ukuta. Kuja kwa watu wako.

Mtoto wako,
Wacera


Ziwani, 10 Machi 2024

Mama,

Pole kwa uzito, siku zimekaribia. Lala kwa ubavu, usibebe mtungi.

Barua yako nimeisoma kanisani, nikiwa benchi la nyuma, watu wakiimba. Umesema vizuri kuliko wahubiri wengi. Lakini kuna kitu umeruka. Petro aliulizwa na yule yule aliyemkana. Kando ya moto, samaki wakiiva, akaulizwa, wanipenda? Akaulizwa tena na tena hadi akapona. Mimi nikija kwako nitakula chakula chako na Maina atakuwa pale, atanitazama kisha arudie redio zake. Hataniuliza kitu. Hilo siliwezi.

Usinijibu hili. Zaa salama.

Ni mimi,
Ngigi


Tassia, 21 Aprili 2024

Baba,

Mungu ametenda. Mtoto alifika Jumanne asubuhi, mzima, na sauti kama ya kondakta. Mimi niko sawa, ni mgongo tu. Nawe umekula leo?

Ameitwa Ngigi, na tayari ameandikishwa hivyo. Nilipopewa nimshike nikasema, "Karibu, Baba." Ikanikwama hapo katikati. Nikairudia. Ikapita.

Barua yako ya mwisho niliiacha juu ya meza na Maina akaisoma. Sikupanga hivyo, lakini sijutii. Aliisoma mara mbili hadi uji ukapoa. Halafu akasema, nami naandika vile alivyosema:

"Mwambie mzee sijamsamehe. Hiyo asidanganywe na mtu."

Nikamwambia, "Maina, jamani, mtoto ana siku nne."

Akasema, "Ngoja nimalize, Shosho." Ananiita hivyo akitaka kunichokoza, kwa sababu ya jina la nyanya yetu. "Mwambie pia, kuna kitu nataka kumwuliza. Nimekaa nacho mwaka mzima. Siwezi kumwuliza kwa barua ya Lydiah. Akuje. Na asikuje na wazee wa kanisa."

Nikamwuliza ni swali gani. Akasema si langu.

Baba, siwezi kukuahidi litakuwa swali zuri. Mtoto wangu wa kwanza ameniuliza huyu Ngigi mwingine yuko wapi.

Mtoto wako,
Wacera


Ziwani, 24 Aprili 2024

Mama,

Nimeanza kufunga mzigo, kwa hivyo salamu ziwe fupi. Nimefurahi hadi nimeketi chini.

Nakuja Jumamosi. Nakuja peke yangu. Usiwafukuze majirani wakija kumwona mtoto, waache waketi wanywe chai. Mwambie kaka yako aniulize wakiwa wamejaa hapo ndani.

Ni mimi,
Baba Maina